Miwa, mpunga na maua: safari ya Moshi na Arusha nikifuata njia ya vibarua

Nimesharudi Korogwe, na vumbi la Kahe bado limo kwenye mishono ya begi. Haya nimeyajenga upya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu. Picha zenyewe ni za barabara, mashamba na sahani za chakula. Watu sikuwapiga, na majina yao siyataji, kwa sababu waliniamini na habari za afya zao.

Sababu ya safari ni hii. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembelea kaya zilizo kando ya mashamba ya mkonge. Kila msimu kuna watu wanaopotea kwenye daftari la kliniki ya VVU. Hawajafa, wala wengi wao hawajazichoka dawa. Wamefuata kazi. Ukiwauliza majirani wanakwambia, "Kaenda Moshi kukata miwa," au "Yule binti yuko Arusha kwenye maua." Kwetu anaandikwa mtoro. Nilitaka kuona huko wanakokwenda kukoje, na kibarua mwenye VVU, au aliye karibu kuvipata, anaishije. Nikaweka akiba, nikaaga nyumbani, nikaondoka.

Jumapili, 3 Agosti: Korogwe hadi Moshi

Mabasi ya Arusha yanapita Korogwe yakiwa yamekwisha kujaa toka Dar es Salaam, kwa hiyo siti ni ya kubahatisha. Nilipata la tatu, kwa shilingi 16,000. Kaa upande wa kulia ukiweza: unaona milima ya Usambara kisha Upare njia nzima, na jua la mchana linawachoma wa kushoto.

Jirani yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, panga lake kalizungushia gunia na kulisukuma chini ya kiti. Anakwenda kukata miwa. Ameanzia Kigoma, akapita kwenye mkonge kwetu miezi minne, sasa anasogea mbele. Nilimuuliza kama ana mke. "Ninaye, dada. Yuko nyumbani Kasulu. Tangu Krismasi hatujaonana." Hakulisema kwa huzuni, alilisema kama mtu anavyotaja umbali.

Pancha ilitukuta kati ya Hedaru na Makanya, na spea ilikuwa haina upepo. Tulikaa pale kwa muda wa saa karibu mbili. Mama mmoja wa Kipare akatoka nyumbani kwake na mkeka na ndoo ya maji ya kunywa, akawaita kwanza wenye watoto. Baadaye akaleta mihogo ya kuchemsha kwenye ungo. Tulipotaka kumlipa alikataa, akasema tumwombee mvua. Kwenye picha niliyo nayo unaona ungo mtupu na mlima nyuma.

Moshi tuliingia giza limeshatanda. Chumba Majengo, 20,000, maji ya moto yapo. Agosti Moshi ni baridi kweli, msije na vitenge vitupu.

Jumatatu, 4 Agosti: Kahe na Oria

Hiace ya kwenda Kahe inaondoka ikijaa, na haijai haraka. Nauli 2,000. Nilikaa saa nzima nikinywa chai ya tangawizi ya mia tano na kumsikiliza konda akiita. Lami inaisha mapema. Baada ya hapo ni vumbi jekundu, halafu ghafla unaona kijani: majaruba ya mpunga, mfereji baada ya mfereji. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, na tangu hapo ukanda huu umekuwa ukiita watu wa kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna.

Nilishukia Oria kwa makusudi. Kijiji hiki kinajulikana kwa wanaofuatilia habari za UKIMWI vijijini, maana watafiti walikirudia kwa miaka mingi. Mwaka 1991 walikuta maambukizi ya asilimia 3.2 kwa watu wazima wa hapa. Mwaka 2005 walikuta asilimia 5.6. Ni miaka ileile ambayo mijini watu walikuwa wameanza kusema ugonjwa unapungua. Mzee niliyemwamkia kwenye kivuli cha mkwaju anakumbuka watu wakiitwa kutoa damu. "Sisi tulidhani ni ugonjwa wa Bukoba," akaniambia. Hakukosa sana kwa kumbukumbu: wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na wengi waliamini utabaki hukohuko, kwenye barabara za malori na miji ya mpakani. Shamba la mpunga halikuwamo kwenye mawazo ya mtu.

Jarubani nilikuta wanawake wanapandikiza, wamepinda migongo, matope hadi magotini. Mmoja akanyoosha mgongo, akaniita, "Dada, njoo tunywe chai, saa nne imefika." Tukakaa ukingoni mwa mfereji: chai ya rangi, viazi vitamu, na dagaa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti. Wawili wametoka Singida, mmoja Same, waliobaki ni wa pale. Wanalipwa kwa ngwe. Anayegawa ngwe ni msimamizi, na ngwe si sawa: kuna yenye maji ya kutosha na udongo laini, na kuna iliyokauka ambayo utaimaliza jioni mgongo umekufa.

Nikauliza zile ngwe nzuri anazipata nani. Wakatazamana. Yule mkubwa wao, mama wa makamo, akajibu huku akimimina chai: "Ngwe nzuri haitolewi bure, mwanangu."

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake kwenye ukurasa. Mikutano ya afya niliyohudhuria kwetu, tukifika kwenye visababishi tunaandika "tabia hatarishi" na kuendelea na ajenda. Mwanamke huyu hana tabia ya kurekebishwa. Ana watoto watatu Singida na msimamizi mwenye daftari. Akitaka kondomu itumike, hana cha kushikia. Ukimpa semina ya siku nzima kuhusu uaminifu atakusikiliza kwa adabu, na kesho asubuhi daftari la ngwe litakuwa mkononi mwa mtu yuleyule.

Wakaniambia na jingine. Mpunga ukivunwa, wanunuzi wanakuja na malori, wanalala kijijini siku mbili tatu, wana pesa taslimu. Wakati huohuo wauza pombe wanaongezeka na mbege inanywewa hadi usiku. Wasichana wa kidato cha pili na cha tatu, ambao ada na sare zao zinangoja mavuno, ndio wanaotumwa kuuza maandazi kwa madereva. Mama wa Same alisema hiyo ndiyo wiki anayomfungia binti yake ndani, na anajua hawezi kumfungia kila mwaka.

Nilipitia zahanati moja ya ukanda huo. Muuguzi alinipokea vizuri, peke yake kwa foleni ya watu wengi. Huduma za kawaida zinakwisha saa tisa na nusu alasiri. Vibarua wanatoka jarubani saa tisa, wengine saa kumi, na wapo kilomita kadhaa kwa miguu. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini wanaume wa shambani hawapimi. Muuguzi mwenyewe aliniambia wanawake anawapata wakija kliniki ya wajawazito. Mwanamume anamwona akiwa tayari anakohoa.

Kwa atakayekwenda Kahe: gari la mwisho kurudi mjini linaweza kuondoka mapema kuliko ulivyoambiwa. Nilirudi kwa bodaboda hadi Chekereni kwa 3,000, kisha gari. Funga mtandio puani.

Jumanne, 5 Agosti: njia ya TPC

Njia ya Langasani inapita Mabogini, halafu miwa inafunga pande zote mbili. Shamba la miwa la kampuni ya TPC limekuwepo tangu miaka ya 1930, na limewaita watu kutoka kila pembe ya nchi. Lina hospitali yake na vijiji vimelizunguka. Mimi sikwenda ofisi yoyote wala sikuomba kuingia shambani. Nilikwenda kwenye vijiji vya jirani wanakopanga vyumba wale wanaofanya kazi kwa wakandarasi wadogo na wakulima binafsi.

Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa ili majani makavu na nyoka wapungue, kwa hiyo asubuhi masizi yanaelea hewani na nguo zilizoanikwa zinapata madoadoa meusi. Wakataji huwajui sura mpaka wakioga.

Hapa ndipo nilipompata mtu niliyetamani kumpata, ingawa sikuwa nikimtafuta yeye hasa. Niliulizia kwa mama lishe mmoja kama kuna watu waliotoka Korogwe. Alasiri akaja mwanamume wa miaka arobaini hivi, amekwishaoga, shati limenyooshwa. Tulisalimiana, tukagundua ametumia kliniki ninayoifahamu. Akaniangalia kidogo, kisha akaniambia tuzunguke nyuma ya nyumba.

Anatumia dawa za kufubaza virusi tangu 2017. Mwaka ule utaratibu ulikuwa umebadilika, ukipima na kukutwa na VVU unaanza dawa bila kungoja kinga ishuke, naye akaanza mara moja. Kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilionyesha havionekani. Kwa lugha ya kliniki, havionekani maana yake havimwambukizi mwenza kwa njia ya ngono, mradi dawa zinaendelea kumezwa. Hilo alilijua vizuri kuliko baadhi ya watumishi wa afya niliokutana nao. "Mke wangu amepima mara tatu tangu hapo," akasema. "Yuko salama."

Akanionyesha dawa zake. Amezitoa kwenye kopo lake, kazifunga kwa kitambaa ndani ya soksi, kwa sababu kopo likitikiswa linalia, na chumbani wanalala wanne. Kila usiku saa tatu anatoka kama anayekwenda kujisaidia, anameza moja, anarudi. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu anayejua. Akihisi wanajua, atahama chumba, akihama chumba atakosa mtu wa kumwita kazi inapotokea.

Nikamwambia kwetu ameandikwa mtoro. Aliumia. Aliniambia hajawahi kukosa dozi zaidi ya siku mbili. Alipotaka kuondoka aliomba barua ya uhamisho, akaambiwa aje siku nyingine, na gari la kazi lilikuwa linaondoka alfajiri. Alipofika Moshi alijieleza kwenye kituo kimoja, wakampima upya, wakamfungulia jalada upya kama mgonjwa mpya. Kwa hiyo nchi ina mtu mmoja kwenye madaftari mawili: huku mtoro, kule mgeni. Sasa anapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, na hilo, kasema, limemwokoa kuliko ushauri wowote, kwa sababu msimu mzima wa miwa anahitaji ruhusa siku moja tu.

Kwa yeyote anayetumia dawa na anafuata kazi mkoani, nayaweka hapa yale tuliyokubaliana naye. Omba barua ya uhamisho wiki mbili kabla, usingoje siku ya safari. Piga picha kadi yako ya kliniki, ile yenye namba, uihifadhi kwenye simu. Ukifika ugenini bila barua, nenda hivyohivyo na useme ukweli kwamba ulishaanza dawa. Kituo chochote chenye huduma ya tiba na matunzo kitakupokea, na dawa ni bure nchi nzima. Uliza kama unastahili za miezi mitatu au sita. Na kama umepata hatari ya kuambukizwa, kondomu imepasuka au umelazimishwa, fika kituoni kabla ya saa 72 kupita, ziko dawa za kuzuia.

Jioni nilikula kwa yule mama lishe: ugali, kisamvu cha nazi, kipande cha samaki, 2,500. Ameuza chakula pale miaka mingi. Anasema siku ya malipo anaitambua kwa wageni: wanawake wanaokuja na magari ya jioni kutoka mjini, wengine wahudumu wa baa, wanalala, wanaondoka kesho yake. Watafiti waliofanya kazi Moshi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta wahudumu wa baa na hoteli wa mji huu wakiwa na maambukizi ya juu sana kuliko wanawake wengine. Mji na shamba vimeungana kwa nauli ya hiace. Mama huyu anaweka boksi la kondomu kwenye kaunta, pembeni ya chumvi. Analijaza mwenyewe kwa kwenda kuziomba zahanati. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Anasema alizika wadogo zake wawili kabla dawa hazijaanza kutolewa bure, na dawa za bure zilikuja 2004.

Hakuniruhusu kulipa chai.

Jumatano, 6 Agosti: Moshi mjini na Kibosho

Mwili ulikuwa umechoka. Asubuhi nilishinda Soko Kuu, nikanywa mtori kwa 2,000. Mchana nikapanda Kibosho kwa daladala kuona wachumaji kahawa, msimu umeanza. Wanalipwa kwa debe. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimebaki migomba michache, ndiyo maana vijana wa huku juu wanateremka kufanya vibarua tambarare, wanakutana na waliotoka Singida na Kigoma. Meku mmoja, mzee wa Kichaga, aliyenionyesha njia ya kurudi barabarani alinisindikiza karibu kilomita nzima kwa fimbo, na alikataa nibebe hata begi langu mwenyewe.

Mjini watu bado wanaizungumzia KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro kilichoanza 1990 kupambana na UKIMWI, wakati wengine walikuwa wanaogopa hata kulitamka jina lake. Wanawake wale walikwenda nyumbani kwa watu. Hilo ndilo nililobaki nalo siku hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti: Moshi, Usa River, Arusha

Kosta 4,000 hadi Usa River. Boma Ng'ombe tulisimama muda mrefu kungojea abiria, kisha trafiki, kisha tena. Mlima haukuonekana hata kidogo.

Usa River ni mji wa mashamba ya maua na mbogamboga. Jioni magari ya wafanyakazi yanashusha wasichana kwa makumi, wamevaa makoti ya kazi, mikono ina mikwaruzo ya miiba ya waridi. Nilikuwa na namba ya simu ya dada mmoja, binti wa jirani yetu, na alikuja na mwenzake. Tulikula ndizi nyama kwenye kibanda, watatu kwa 12,000.

Mwenzake ndiye mwenye VVU, na ndiye aliyetaka kuongea. Kliniki yake ni siku ya kazi asubuhi. Akiomba ruhusa, msimamizi anauliza sababu mbele ya wenzake. Akisema "kliniki," swali la pili ni "kliniki gani?" Mwaka juzi alibadilisha shamba kwa sababu ya swali hilo. Kabla ya Februari, maua ya Siku ya Wapendanao yanapokatwa, ruhusa hazipatikani kabisa. Alikaa wiki mbili bila dawa. Nilimwambia, na ninaandika hapa kwa wote: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mwajiri kukupima kwa lazima, na inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya VVU. Huwajibiki kumtajia msimamizi ugonjwa wako. Akanisikiliza, akasema, "Sheria naijua, dada. Ila mimi ni kibarua wa siku, hawahitaji kunifukuza. Kesho hawaniiti tu."

Sikuwa na jibu la hilo, na bado sina. Nilimuuliza ningefanya nini kama ningekuwa na uwezo. Akajibu palepale kama mtu aliyekwishalifikiria: kliniki Jumamosi jioni. Basi.

Wote wawili walinisindikiza hadi kwenye gari la Arusha mjini, wakasimama mpaka lilipoondoka. Nilikuwa mgeni wao, wakasema.

Ijumaa, 8 Agosti: Nane Nane, viwanja vya Themi

Arusha ilikuwa na manyunyu toka asubuhi. Daladala za Njiro zilijaa watu wenye miavuli na watoto, na nusu ya mwisho ya njia nilitembea kwa miguu kwa sababu ya foleni. Matrekta, ng'ombe wa maziwa, mbegu za nyanya, wauza dawa za asili wenye vipaza sauti. Katikati ya hayo yote kuna banda la kupima VVU.

Nilikaa jirani na banda hilo muda mrefu kuliko kwenye banda jingine lolote. Mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga alinipisha nusu ya benchi lake na nusu ya mwavuli. Asubuhi waliingia wanawake, wengi wawiliwawili. Wanaume walipita, wakasoma bango, wakaenda kwenye matrekta, wakarudi, wakasoma tena. Baada ya saa nane mchana ndipo walipoanza kuingia, na wengi waliomba kipimo cha kujipima, kile cha kupitisha kwenye fizi. Sheria imeruhusu kujipima tangu 2019. Unakaa bila kula wala kunywa kwa muda mfupi, unapitisha kijiti kwenye fizi ya juu na ya chini, unasubiri dakika 20. Kikionyesha mistari miwili, yaani huenda una VVU, bado si jibu la mwisho. Lazima uthibitishe kituoni kwa kipimo cha damu.

Kijana mmoja, mikono ya mtu wa jembe, alichukua kijiti, akaenda kujificha nyuma ya lori la ng'ombe. Akarudi baada ya nusu saa. Alimwita mshauri pembeni. Sikusikia walichozungumza, nami nikageuza macho. Waliondoka pamoja kwa miguu, mshauri kamshika bega, na sikuwaona tena.

Mtumishi mmoja aliyekuwa mapumzikoni alinieleza hali ilivyo. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, watu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi kwenda mashambani na usiku kwenye vilabu walikaa nyumbani. Dawa za kliniki ziliendelea kutolewa. Kilichokatika ni miguu ya kuwafuata wasiokuja. Na wasiokuja ndio hao ninaowaandika: wanaume wa miwa, wanunuzi wa mpunga, wasichana wa maua.

Hapo niliuliza kitu ambacho kilinisumbua toka Moshi. Takwimu za huku ni nzuri. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Arusha ni asilimia 1.9 na Kilimanjaro 2.6. Ule wa 2022–23 uliweka taifa zima kwenye asilimia 4.4, na Njombe, mkoa wa mashamba ya chai na mbao, kwenye 12.7. Mtu akisoma namba hizo atapeleka fedha kwingine, na kwa haki kabisa. Yule mtumishi akasema wastani wa mkoa unamchanganya mfugaji wa Longido, mwenye duka wa Kaloleni na mkata miwa aliyelala chumba cha watu wanne. Nilitikisa kichwa kukubali. Mtu wa Kigoma anayekata miwa Moshi anahesabiwa wapi, hasa siku watafiti wanapogonga milango ya kaya? Yeye hana kaya pale. Ana godoro.

Chakula cha Nane Nane ni ghali, jiandae. Nyama choma robo na ndizi mbili 7,000. Loshoro nilinunua kwa mama mmoja nje ya geti, bakuli 1,500, na ilinishibisha hadi usiku.

Jumamosi, 9 Agosti: Tengeru na Mbuguni

Tengeru kuna mnada Jumatano na Jumamosi. Ukitaka ndizi, parachichi na karoti kwa bei nzuri, fika kabla ya saa tatu. Daladala toka mjini 1,000.

Mbuguni nilikwenda kwa bodaboda, safari mbaya ya mashimo, 6,000 kwenda tu. Ni nyanya na vitunguu hadi Mto Kikuletwa. Vijana wanalala kwenye vibanda vya nailoni katikati ya mashamba wakilinda mazao, mbali na zahanati, mbali na wazazi. Wanne niliokaa nao hawajawahi kupima. Walikuwa wakarimu kupita kiasi, walinipa kreti ndogo ya nyanya. Nilipouliza kwa nini hawajapima, mmoja akajibu, "Nikikutwa nao, nani atalinda nyanya nikienda kliniki?" Nikawatolea vijiti vinne vya kujipima nilivyopewa bandani Themi. Wakavipokea. Wawili waliniomba niwaonyeshe tena namna ya kusoma mistari, na tukafanya mazoezi kwa kijiti cha kiberiti.

Mwenye bodaboda alikuwa amesikiliza kimya muda wote. Tuliporudi Tengeru aliniuliza kama na yeye anaweza kupata kimoja. Nilikuwa nimevimaliza, nikamwelekeza kituo.

Jumapili, 10 Agosti: kurudi

Basi la saa moja asubuhi kutoka Arusha, 20,000 hadi Korogwe. Same tulikaa dakika arobaini bila kuambiwa sababu. Nyanya za Mbuguni zilifika salama, nusu niliwagawia abiria wa siti za jirani. Kwa ujumla, nauli, malazi na chakula vilinila karibu laki tatu na nusu. Mtu anayelala kwa ndugu atatumia nusu yake.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kliniki ya kwetu na namba ya kadi ya yule bwana wa miwa, kwa ruhusa yake. Neno "mtoro" limefutwa kwenye daftari, sasa imeandikwa yuko kwenye matibabu Moshi. Tumeanza kupitia majina mengine, moja moja, kwa kupiga simu. Pia nimemwandikia mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu na mkonge kuomba vitu viwili: kliniki ya jioni Jumamosi moja kila mwezi, iwe ya wiki ya malipo, na barua ya uhamisho itolewe siku hiyohiyo mtu anapoiomba. Amenijibu kwa ujumbe kwamba tukutane Jumatano saa nne, nije na msimamizi wa shamba. Msimamizi amekubali kuja.